Mwani wa Gunia la Kwanza

Msuka, Pemba
9 Septemba 2024

Kwa mke wangu mdogo, Samiha binti Rajab,

Assalaam alaykum warahmatullah. Mie mumeo mzima, goti la kushoto tu ndilo lisilotaka kusikia la mtu. Baba yako mzima. Ng'ombe wake kazaa, lakini kazaa ndume, kwa hivyo mwanangu huyo kanuna siku mbili kama aliyezaa ni yeye. Mama yako anakusalimu na anauliza kama huko Japani wanakula samaki mbichi kwa kukosa kuni au kwa uvivu.

Gunia ndilo hilo. Mwani kilo kumi na mbili, mkavu, ule mnene, kama ulivyoagiza. Mdomo nimeufunga kwa ukanda wa kanga kwa sababu kamba sikuiona. Umetoka shamba langu. Nasema mapema ili usiulize: umetoka shamba langu.

Sasa tuseme ya kweli. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimevaa miwani. Unasema wataka kutengeneza punje zinazotoa mwanga ambao jicho halioni, na mwanga huo uwe unakwenda umejisokota. Mwana, mie darasa la tano ndilo lililonimaliza, lakini taa naijua. Taa ni ya kuonea. Taa isiyoonekana anaitaka nani? Ahmada, yule polisi mstaafu, anasema anaitaka mwizi. Nikamwambia yakhe, mwizi anataka giza, na giza lipo bure. Taa isiyoonekana anaitaka anayemvizia mwizi, yaani serikali. Basi niambie, weye umeajiriwa na nani kati ya hao wawili?

Usinipigie simu. Yangu ilitumbukia kisimani na sikuifuata. Simu ikilia Msuka nyumba sita zinatega masikio. Karatasi haina masikio.

Mtalaka wangu Kijakazi kaenda Wambaa kuzikani, wiki nzima hayupo. Kijiji kimetulia.

Mumeo usiyemtaka,
Nyange Himid


Fukuoka, Japani
20 Oktoba 2024

Kwa bwana wangu mzee, Babu Nyange,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, baridi ndiyo inaanza. Nimepata duka la Mbangladeshi linalouza mchele wa maana na pilipili, kwa hiyo mama asiwe na wasiwasi. Mwambie kuni wanazo. Wanachokosa ni subira ya kumngoja samaki aive.

Gunia limefika salama. Babu, sijaajiriwa na mwizi wala na anayemvizia. Sikiliza, nitakueleza kama ninavyomweleza mtu ninayempenda.

Weka kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Mikono inafanana kwa kila kitu, lakini dole gumba moja litakwenda huku na jingine kule. Dunia imejaa vitu vya namna hiyo, mkono huu na mkono ule, na ndivyo ninavyosomea. Nachukua madini ya fedha na kibiriti upele, napata punje ambazo ukizipanga elfu kumi kwa mstari hazivuki upana wa unywele. Punje hizo zinawaka, ila zinawaka nje kidogo ya wekundu, pale jicho linapokuwa limekwisha kazi yake. Kamera inaona. Zikiwa peke yake mwanga wake unatoka ovyo. Lakini uji wa mwani una nyuzi ndani yake, na nyuzi hizo zote zimejisokota upande mmoja. Nikizikalisha punje kwenye nyuzi, mwanga unatoka ukizunguka kwa mkono mmoja.

Kazi yake ni kutia alama kwenye dawa za hospitali. Mwenye kughushi ataiga rangi ya paketi na maandishi yake. Hii hataiona, na hata akiiona kwa kamera hataweza kuuiga msokoto wake.

Mwani wa dukani ulinipa msokoto hafifu, wa kuombea dua. Wako, Babu! Nilidhani mashine imeharibika. Nikaizima, nikaiwasha, nikapima mara sita. Profesa alikuja mwenyewe kutazama karatasi. Tumeshaandika makala na imepelekwa, na ndani yake mna jina lako: mwani wa shamba la Mzee Nyange Himid, Msuka, Pemba. Sasa naulizwa unaulimaje na unaukaushaje. Niandikie kila kitu, hata ukiona ni upuuzi.

Mkeo,
Samiha


Msuka
25 Novemba 2024

Kwa mke wangu msomi,

Salaam nyingi. Goti limetulia, sasa limehamia kiunoni. Mama yako kalipokea jibu la samaki na hakuliridhia. Baba yako kamwita yule ndume Waziri, kwa kuwa anakula sana na hatoi maziwa.

Barua yako imenipendeza mpaka pale penye jina langu. Lifute. Mie si mtu wa kuandikwa kwenye vitabu vya Wajapani. Leo wanauliza unaulimaje, kesho watauliza shamba liko wapi, keshokutwa utaona boti imetia nanga na mtu mwenye miwani anauliza njia. Mwani unalimwa kama unavyolimwa. Unafunga, maji yanakuja, maji yanakwenda, unavuna. Hakuna zaidi.

Na hiyo fedha na kibiriti upele, mbona marehemu bibi yako alinipaka kibiriti upele shingoni mwaka mzima na sikuwaka?

Habari ya mji. Kijakazi alirudi Wambaa akaukuta uchanja wake wa kuanikia mtupu. Mwani aliouweka wa kutengenezea sabuni umechukuliwa wote, na kanga aliyoufunika kwayo imechanwa. Kapiga kelele mpaka sauti imemkauka. Watu wanamtupia jicho Modester, mke wa Mwalimu Cleopa, yule mtu wa bara, kwa vile alikuwa akijifunza sabuni kwake na njia ya uani anaijua. Kijakazi kamtoa kwenye kikundi. Sasa Modester anafua peke yake. Mie sisemi kitu, ya wanawake hayanihusu.

Kama ulikuwa na nia ya kumpigia Mwalimu Cleopa kwa salamu, iache. Nyumba yake ina maneno kwa sasa.

Nyange


Fukuoka
11 Januari 2025

Kwa Babu Nyange,

Assalaam alaykum. Theluji imeanguka juzi, kidogo tu, ikayeyuka kabla sijaipiga picha. Namwonea huruma Modester. Nilipokuja likizo alituletea mkate wa maji nyumbani, na alikuwa na aibu ya kuuliza hata kikombe kiko wapi. Nani amemwona akichukua?

Babu, nimekuuliza unaukaushaje mwani, ukanijibu kama anayejibu polisi. Sawa, nimezoea. Lakini nahitaji gunia la pili, la shamba lile lile. La kwanza limekwisha. Hapa kitu hakihesabiwi kuwa kweli mpaka mtu mwingine akirudie kwa mikono yake. Mwenzangu wa maabara anangoja kurudia kazi yangu, na wenye jarida nao wanangoja.

Fanya haraka, tafadhali.

Samiha


Msuka
6 Februari 2025

Mke wangu,

Salaam. Wote wazima. Hakuna aliyemwona, lakini Msuka kuonwa si sharti.

Gunia hilo. Mwani ni mwani.

Nyange


Fukuoka
23 Machi 2025

Kwa Babu Nyange,

Assalaam alaykum. Natumai mfungo unakwenda vizuri na kwamba unafunga, si kama mwaka ule uliosema daktari amekukataza na daktari mwenyewe hukumtaja.

Gunia la pili halina kitu. Mwanga upo, msokoto hakuna. Mwenzangu amerudia mara tisa. Nimerudia mimi mara kumi na nne. Ni sifuri, Babu, mstari umelala kama maiti.

Juzi Profesa aliniita ofisini. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Aliniambia nilete madaftari yangu yote. Akasema, "Vile vipimo vya Oktoba ulivipima peke yako." Ni kweli. Nilikuwa peke yangu, nilifurahi peke yangu. Sasa kila mtu anaongea nami taratibu kama na mgonjwa. Mimi ninayetengeneza alama ya kuwakamata waghushi, naambiwa nimeghushi.

Nimepewa mpaka tarehe 31 Julai. Msokoto usiporudi makala itaondolewa, na mimi nitarudishwa nyumbani, na kwenye faili langu litaandikwa neno ambalo hakuna chuo kitakachonipokea nalo. Usimwambie baba.

Nakuuliza kwa heshima: magunia haya mawili yana tofauti gani? Mvua? Mwezi? Mahali ulipoanika? Kuna mtu aliyeuosha? Kumbuka.

Samiha


Msuka
20 Aprili 2025

Kwa mjukuu wangu Samiha,

Salaam na Idi njema iliyokwisha pita. Nilifunga yote, muulize Ahmada, ambaye hakufunga.

Nimekaa nikafikiri. La kwanza, watu wa posta. Gunia linapita mikono mingapi kutoka hapa mpaka huko? Wamelibadilisha. La pili, huyo mwenzako anayerudia. Anarudia nini, na kwa nini anafurahi? Ungemchungulia. La tatu, Profesa. Mtu mpole simwamini, nilishapimiwa kiwanja na mtu mpole. La nne, mashine yenyewe. Mwezi wa kumi ulidhani imeharibika, labda ilikuwa imeharibika kweli.

Tofauti ya magunia hakuna. Mvua ilikuwepo, mwezi ulikuwepo.

Lakini nataka kujua jambo. Hilo neno watakaloliandika ni kwa wino tu, au linaingia kwenye kompyuta? Na likishaingia, haliwezi kufutika hata ukizeeka?

Nyange


Fukuoka
12 Mei 2025

Babu,

Linaingia kwenye kompyuta. Halifutiki.

Nililitoa gunia la kwanza chini ya meza, nikalikung'uta juu ya karatasi nyeupe. Likadondosha vumbi la kijivu, nikalipima. Si mchanga. Ni majivu. Gunia la pili halina hata chembe yake.

Majivu yana kitu kinachozishika nyuzi za mwani zikajisokota zikakaza. Kwa hiyo mwani wa kwanza ulipitishwa kwenye majivu na mtu anayejua anachofanya. Wewe, Babu, hata kikombe chako hukioshi.

Nimejaribu majivu ya hapa, ya miti minne, na chumvi za maabara. Msokoto unakuja kidogo, unakufa. Sijui ni majivu gani, mengi kiasi gani, siku ngapi. Anajua huyo mtu.

Mwani ule si wako. Sikuulizi uliupata vipi. Nauliza ulifanywaje. Tangu Novemba unanificha, na mimi nimeanza kuisoma kila barua yako nikitafuta uongo, hata penye habari ya ng'ombe. Sipendi kukusoma hivyo.

Samiha


Msuka
5 Juni 2025

Kwa Samiha,

Barua yako ilikaa mfukoni mwangu siku nne. Siku ya tano nilivaa kanzu. Habari za ng'ombe ni za kweli.

Mwani wa gunia la kwanza niliuiba. Niliuiba uchanjani kwa Kijakazi, baada ya swala ya adhuhuri, yeye akiwa matangani Wambaa. Na kanga ni yake. Shamba langu ni kamba nne zilizobaki fundo tupu, mwani ulishachukuliwa na maji. Nilikuwa nimekusifia shamba hilo miaka mitatu, kisha ukaandika, "Babu, nitumie mwani wako." Ningefanyaje? Kumwomba Kijakazi sikuweza. Tangu nimwache ni miaka kumi na moja, hatujapeana hata mkono wa Idi. Mwani wa gunia la pili niliuomba kwa jirani, Khatib. Nilijua haufanani, nikasema Wajapani watajuaje.

Basi nikaenda. Nimemkuta uani anachuja maji ya majivu, wanawake watatu wanakata sabuni.

"Hodi."

Hakuinua uso. "Nyange, umekosea nyumba?"

"Sikukosea."

"Basi umekosea mwaka. Mwaka wako wa kuja hapa ulishapita."

Wanawake wakacheka. Nikawaacha wacheke, maana nilijua ndicho kicheko cha mwisho. Nikasema, "Kijakazi, mwani wako uliopotea niliuchukua mie."

Kisu cha sabuni kikabaki hewani.

"Sema tena," akasema. "Shamima hakusikia."

Shamima, mmoja wa wale watatu, alikuwa mbele ya magoti yangu, angenisikia hata nikimeza mate. Nikasema tena.

"Uliupeleka wapi? Siku hizi unakula mwani?"

"Nimempelekea Samiha, Japani."

"Japani!" Akasimama. "Miezi tisa namwita mke wa watu mwizi, kumbe mwani wangu uko Japani!"

Nikamweleza habari yako yote, mwanga, msokoto, madaftari, tarehe 31 Julai. Ya punje nadhani nilikosea kidogo, lakini ya madaftari aliyaelewa vyema. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo tulipokuwa ndani ya ndoa sikulipata hata siku moja. Kisha akasema, "Mwana nitamsaidia, hana kosa. Lakini kwanza utakwenda kwa Modester ukaseme kama ulivyosema hapa. Nami nitakuwa nyuma yako, nisikie kama husemi nusu."

Tukaenda, mbele mie, nyuma Kijakazi, nyuma yake wanawake watatu na sabuni mikononi. Mtu angedhani tunapeleka posa. Modester akatoka mlangoni na mikono ya unga.

"Shikamoo, mzee."

"Usiniamkie bado, mwanangu. Nisikie kwanza." Nikasema yangu, yote, mara moja, maana nikipumzika katikati ningegeuza.

Akanitazama. Akasema polepole, "Nilikuona, mzee."

"Uliniona?"

"Nilikuwa naanua nguo. Ulipita na gunia begani. Ile kanga ya Bi Kijakazi nikaitambua."

Kijakazi akapaza sauti, "Ukanyamaza? Mwanamke weye, nimekutukana mbele za watu, ukanyamaza?"

"Ningemwambia nani, Bi Kijakazi? Mimi mtu wa kuja, nisimame niseme mzee wa hapa ni mwizi? Mngesema namsingizia ili nipone."

Kijakazi akamshika mkono, unga wote ukamwingia kwenye buibui, akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Nimeishi naye miaka kumi na tisa, sikupata kumwona kakosa neno.

Sasa andika. Amesimama nyuma ya kichwa changu hapa mpaka nimalize.

Majivu ni ya makumbi ya nazi peke yake. Si ya mkarafuu, si ya kuni, ya makumbi. Yatiwe maji, yachujwe kwa kitambaa mara mbili mpaka maji yawe na rangi ya chai ya mgonjwa. Mwani usiwe mbichi wala mkavu, uwe umenyong'onyea siku moja. Ukae ndani ya maji hayo siku mbili na nyusiku zake. Ukiushika uteleze kama sabuni. Uoshwe kwa maji ya mvua, mara moja tu, anasema ukiuosha sana umeutoa roho. Uanikwe juu ya uchanja, kivulini kwanza, kisha juani. Mchanga usiuguse. Yeye anafanya hivyo ili sabuni igande. Hayo ya nyuzi kujisokota anasema ni yako, lakini alikuwa anajua siku zote kuwa mwani huo una kitu.

Anatuma kilo tano zilizotoka uchanjani wiki hii, na mfuko wa majivu. Modester ndiye aliyelishona gunia. Sharti lao moja: pale penye jina langu uandike la mwenyewe.

Nyange


Fukuoka
19 Julai 2025

Kwa Babu Nyange,

Assalaam alaykum. Gunia lilifika tarehe mbili. Sikuligusa. Nilimwomba Profesa alifungue yeye, na mwenzangu afanye kazi yote, mimi nimekaa kwenye kiti kando ya mlango nimefumbata mikono ili waione. Walifuata barua yako neno kwa neno. Ile chai ya mgonjwa iliwasumbua, nikawachorea rangi yake.

Alhamisi walipima. Mwenzangu alisoma tarakimu, akasoma tena. Msokoto ulikuwa umerudi, mkubwa kuliko wa Oktoba. Akarudia kwa mwani wa dukani uliolowekwa kwenye majivu ya Bi Kijakazi, nao ukajisokota. Profesa akanigeukia akainama, kama desturi yao, akabaki vile vile ameinama. Sikujua namna ya kumwambia mtu mzima ainuke.

Makala inabaki. Faili langu halina neno. Kwenye makala wapo Bi Kijakazi kwa njia yake ya majivu na Bi Modester kwa msaada wake. Jina lako nimelifuta, kama ulivyotaka Novemba.

Nina furaha, na nimekukasirikia, sijui vinakaaje pamoja. Miezi minne nilikuwa naamka nikidhani pengine kweli niliota vile vipimo, pengine kweli mimi ni mwongo. Ulikuwa unajua. Na uliponiandikia habari ya Modester ulikuwa unajua. Uliniandikia hayo kwa mkono uleule uliobeba gunia. Nilikuwa sijui kuwa Babu yangu anaweza hivyo. Sasa najua, na pia najua alivaa kanzu akaenda. Yote mawili nitakuwa nayo.

Salamu kwa baba. Sasa unaweza kumwambia.

Samiha


Msuka
24 Agosti 2025

Kwa Samiha binti Rajab,

Waalaykum salaam. Baba yako nimemwambia. Kaenda zizini kakaa na Waziri mpaka magharibi. Mama yako kasema alijua, lakini mama yako huwa anajua baada ya kuambiwa.

Barua yako nimeisomea uani kwa Kijakazi, alivyoagiza. Pale penye jina lake alinifanya nirudie mara nne. Modester karudi kwenye kikundi na sasa yeye ndiye mwenye zamu ya majivu. Wananiruhusu kuleta makumbi, ila mpaka mlangoni.

Uliyoniandikia mwishoni sikuwasomea. Hayo ni yangu.

Habari ya mji ni mie. Toka siku ile, kila kinachopotea Msuka kinaanza kutafutwa kwangu. Kuku wa Ahmada alipotea, Ahmada mwenyewe kaja na tochi, polisi tangu zamani, kumbe kuku anatamia nyuma ya choo chake. Ikapotea ndoo ya msikitini. Kaja Mgeni, shoga yake Kijakazi, na shungi lake, wenziwe nyuma, "Mzee Nyange, tulikuwa tunapita tu." Nikamwambia piteni, piteni na chini ya kitanda, mkimaliza mnifagilie. Ndoo ilikuwa kwa imamu. Hakuna aliyerudi kuniambia. Hata swalani ninapokwenda naona watu wanasogeza ndala zao.

Sinung'uniki. Nakueleza tu, ujue jina lako limeponea wapi.

Juzi Modester na Mwalimu Cleopa walikuwa wanaondoka kwenda bara, arusi ya mdogo wake. Asubuhi mapema nasikia hodi. Nikadhani kimepotea kitu. Ni yeye, kasimama na begi, ananipa ufunguo wa nyumba yake.

Nikamwambia, "Mwanangu, umepata homa? Mji mzima huu, ukanichagua mie?"

Akasema, "Ndiyo, mzee. Kikikosekana hata kijiko, safari hii watajua pa kuanzia."

Wamekwenda wiki mbili. Ufunguo nimeuvaa shingoni, hata nikioga siuvui. Asubuhi na jioni nakwenda kuutazama mlango wake, nasimama mbali, mikono nyuma, ili wanaopita waione.

Nyange Himid